Anga la Bluu Juu ya Mahindi ya Baba

Jumapili usiku

Nimeweza! Lile wingu la kijivu lililofunika picha yangu ya shamba letu la Itaka nimelitoa lote kwenye kompyuta, nikaweka anga la bluu, na huwezi kujua. Hata ule ukingo mweupe kwenye majani ya mahindi, ulionisumbua wiki nzima, haupo. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Nikakimbilia kumtumia Baba. Yuko Dar kwa dada, anatibiwa mgongo, na kila siku anauliza habari za shamba. Nilijua atafurahi.

Akapiga hapohapo, hata salamu hakuna. "Mvua imekata? Mbona hamkuniambia?"

Nikamwambia hapana Baba, mvua ipo, hilo anga nimelibandika tu.

"Unabandikaje jua kali hivyo, na mahindi ndiyo kwanza yanabeba?" Dada anasema alishaanza kufunga begi arudi, na mgongo ule! Kwa kweli niliogopa. Asingefika salama.

Nikamtumia picha yenyewe, na wingu lake. Kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu aondoke.

"Hiyo sasa ndiyo picha, mwanangu."

Nikadhani yameisha. Kumbe bado yuko hewani, akauliza kwa sauti ya chini, kama anaomba sukari ambayo daktari amemkataza: "Na hilo wingu, huwezi kuliongezea weusi kidogo?"

Naweza, Baba! Hata radi nakuwekea.