Kanuni Niliyoiandika kwa Hasira Sasa Inamfuata Binti Yangu

Shangazi Odessa mpendwa, naomba unisaidie na ukiweza unijibu katika gazeti la Alhamisi hii hii, maana kura ni Jumanne na mimi hapa nilipo sijui mbele wala nyuma. Usihangaike kuficha jina langu, hata ukilificha watu wa huku watanijua kabla hawajamaliza sentensi ya pili.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mbio za magari katika uwanja wetu wa udongo wa Stoney Branch, nimeendesha pale miaka thelathini na moja mpaka mgongo uliponikatalia, na mwaka jana, msimu wangu wa mwisho, nilishinda mbio sita, sikiliza vizuri Shangazi, sita, na kombe akapewa Hoyle Setzer ambaye hakushinda hata moja, kwa sababu kwetu anayemaliza wa kwanza anapata pointi hamsini, wa pili arobaini na nane, wa tatu arobaini na sita, zinashuka mbili mbili hivyo hivyo, na mwisho wa msimu zinajumlishwa, na Hoyle alikuwa wa tatu, wa nne, wa tatu, wa pili, kila wiki kama mtu anayepeleka barua, wakati mimi leo nashinda na wiki ijayo gari langu limejigonga ukutani. Kwenye chakula cha kufunga msimu nilikataa kumpa mkono, nikamdhihaki mbele ya mkewe kwamba yeye ni karani wa pointi tu, nikaondoka kabla pudini ya ndizi haijaletwa.

Basi Januari nikaandika pendekezo kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba bingwa awe mwenye ushindi mwingi na pointi zitumike tu watu wakilingana, na chini yake nikaongeza mstari mmoja, kwamba kanuni ikipita itumike msimu huu huu kuanzia mbio za kwanza. Kweli ya Mungu, Shangazi, mstari ule niliuweka kwa ajili ya Hoyle. Nilitaka akusanye pointi zake mwaka mzima halafu nizimwage chini mbele ya macho yake.

Kwetu pendekezo lazima lisomwe kwenye mikutano miwili, wa tatu ndipo kura, na mikutano yenyewe ni ya wajumbe saba na sahani ya biskuti, madereva hawaji. Likasomwa Januari. Machi Hoyle magoti yakamshinda, akaacha kuendesha, akabaki mjumbe tu, na mimi gari langu nikampa binti yangu Corrie, ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi kiwanda cha soksi. Aprili tukiwa tunafunga matairi akaniuliza, "Baba, mwaka huu kombe linatolewaje?" nami bila kuinua kichwa nikamjibu, "Kwa pointi, kama siku zote." Likasomwa tena Mei, wakati huo Corrie alikuwa wa tisa, sikuona tatizo. Sasa ni Septemba, zimebaki mbio mbili, na Corrie anaongoza kwa pointi kumi na mbili na hajashinda hata mara moja. Anayemfuata ni kijana Tucker Huffman, ameshinda mara tano na kujigonga ukutani mara tatu, yaani ni mimi kabisa nilivyokuwa. Kanuni yangu ikipita, Tucker ni bingwa na Corrie hata akishinda zote mbili zilizobaki hamfikii.

Wajumbe wengine sita wamegawanyika, watatu huku na watatu kule, na kura ya mwisho ni yangu. Nikisema basi nikae kimya, tatu kwa tatu pendekezo linakufa na Corrie anapona, kwa hiyo hata kukaa kimya ni kupiga kura. Hoyle alinikuta dukani Jumatatu nikinunua misumari, akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu, akasema, "Verlon, mimi nampigia kura msichana wako. Wewe unampigia nani?" Niliacha misumari kaunta, nikatoka. Tucker naye akaja hadi gereji, adabu tupu, kofia mkononi, akaniambia, "Mzee Verlon, si wewe uliyesema kombe ni la wanaoshinda? Au ulikuwa unasema tu?" Na kijana huyo hajakosea, nimesema hivyo mwaka mzima, kanisani, kwa kinyozi, kila mahali.

Mke wangu Faye Ijumaa aliniambia nikimnyang'anya mtoto wake kombe nitafute pa kula, halafu Jumapili tukitoka kanisani akaniambia nikimpa watasema kapewa na babake, sasa nikamuuliza, "Faye, mama, nifanye lipi?" akasema, "Fanya la haki," akawasha redio. Corrie alilisoma tangazo la kura likiwa limebandikwa kwenye geti la uwanja, hakulisikia kwangu. Nilimwambia, "Mwanangu, ungempita Tucker hata mara moja tu, haya yote yasingekuwepo. Ile Jumamosi ya Julai ulipokuwa nyuma yake kabisa, kwa nini hukumpita?" Akasema, "Pale palitosha gari moja, Baba. Na wewe ulisema ni pointi." Nikamwambia basi nitapiga kura ya kukataa. Akasema, "Sitaki kombe la kupewa na baba." Nikamwambia basi nitapiga kura ya kukubali. Akanitazama hivi, akasema, "Piga unavyotaka, nitajua tu," akaingia ndani. Atajua nini, Shangazi? Nimelifikiria neno hilo wiki nzima na silielewi. Nikiikubali kanuni mimi ni baba mbaya, nikiikataa mimi ni mwongo, nikinyamaza ni yote mawili. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Verlon Teague
Stoney Branch, Carolina Kaskazini

SHANGAZI ODESSA ANAJIBU:

Verlon, kaa chini na uvue kofia.

Nakuonea huruma, lakini kidogo tu, kwa sababu mtego huu ulioingia uliutega wewe kwa ajili ya jirani yako. Nakushukuru kwa jambo moja, kwamba umesema ukweli kuhusu ule mstari bila kulazimishwa. Wengi wangeniandikia kwamba ulijiandika wenyewe.

Marehemu mume wangu alikimbiza magari, nimefua ovaroli zake miaka kumi na tisa, na sijawahi kujali kombe linahesabiwaje. Mwakani mpeni mwenye ushindi mwingi, mpeni mwenye pointi nyingi, mpeni mwenye gari jekundu mkitaka. Mnaweza kubishana mpaka biskuti ziishe na kila mmoja wenu atakuwa na hoja. Ila mimi ni mwamuzi wa pai katika maonyesho ya wilaya, na hakuna aliyethubutu kunijia, pai zikishaonjwa, aniambie sasa tunapima urembo wa ukoko. Ningemrudisha kwake na sahani yake. Wewe ndivyo ulivyotaka kufanya, na ungekuwa umekosea hata kama anayeongoza ni Hoyle. Hasa kama ni Hoyle.

Kwa hiyo acha kujiuliza unampigia kura nani. Shida yako ni mstari mmoja, na uliuandika wewe. Jumanne, kabla ya mtu yeyote kuinua mkono, simama uombe ufutwe, na mahali pake paandikwe kwamba kanuni itaanza msimu ujao. Usiseme ni kwa ajili ya utaratibu. Sema uliuweka kwa chuki, useme ilikuwa chuki kwa nani, na sema kwamba Aprili dereva alikuuliza kombe linatolewaje ukamjibu kwa pointi. Hata usipomtaja jina watamjua. Kisha kiti mwachie mwingine, kanuni yenyewe waipigie kura, na wewe piga unavyoamini, kwa kuwa haitamgusa mtu aliyekwishaanza safari.

Watasema unampendelea mtoto wako? Watasema. Ungefanya kinyume wangesema humpendi. Waache waseme, midomo yao inahitaji mazoezi.

Tucker umwendee kwake, wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Mwambie alikuwa sahihi kukushika maneno yako, na kwamba Aprili alianza na kanuni ile ile aliyoanza nayo Corrie. Kwenye ule ukuta hakusukumwa na mtu. Bado ana mbio mbili na pointi kumi na mbili za kuzitafuta, na akizipata kombe ni lake, hata kama nyumbani kwako hawatalala.

Halafu nenda kwa Hoyle Setzer. Usimpigie simu. Mtu uliyemtukana mbele ya mkewe anasimama upande wa binti yako bila kuombwa, na wewe umemwachia misumari kaunta. Mwombe radhi mbele ya mkewe huyo huyo, umpe mkono uliomnyima, na wakikukaribisha kula, safari hii kaa mpaka mwisho.

Sasa unaniuliza Corrie atajua nini. Verlon, umeniandikia kurasa nne, mbele na nyuma. Nimejua mara ngapi ulishinda wewe, mara ngapi ameshinda Tucker, mara ngapi kila mmoja wenu amejigonga. Kuhusu Corrie nimejua ana umri gani, anafanya kazi wapi, na kwamba hajashinda. Nimevaa miwani nikaisoma barua yako tena kutoka juu, nikitafuta mahali uliposema kwamba binti yako anajua kuendesha gari. Sijapaona. Yeye naye amelitafuta neno hilo kwako tangu Aprili, na kwa kura yako atajua kama unaliamini.

Mwambie kabla ya Jumanne. Baada ya kura, vyovyote itakavyokwenda, atadhani unampa pole.