Kibali Kimetoka, Mama Hayupo

Nyumba ya uani,
Mtaa wa Kiwanda cha Sabuni.
9 Agosti

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yake? Mgongo wa baba mdogo umepata nafuu? Na mapacha, wameshasimama au bado wanatambaa? Sisi tunapumua, tunashukuru. Baba anakula, ila mpaka asukumwe.

Najua siku tuliyomzika mama ulilia peke yako. Hakuna anayekulaumu. Ungetoka huko kabla karatasi zako hazijakamilika, wasingekuruhusu kurudi kwa wanao. Baba aliueleza ukoo mzima, minong'ono ikakatika.

Sasa habari yenyewe: kibali changu cha masomo kimetoka.

Siku ya mahojiano mama alinisindikiza na homa yake, mimi nimevaa gauni la kola nyeupe alilonishonea mwenyewe. Afisa wa viza aliniuliza nini kitanirudisha nyumbani nikimaliza chuo. Nikajibu bila kufikiri, "Mama yangu. Yupo hapo nje, ananisubiri." Akatabasamu, akaandika. Wiki ileile mama akalazwa, na hospitali hakutoka.

Jumanne nikaitwa kuchukua pasi. Nilipoona viza imebandikwa, akili iliniruka. Nilikimbia toka kituo cha basi, nikasukuma mlango, nikapiga kelele, "Mama, nimepata!"

Baba akatokea jikoni na mwiko mkononi. Kisha tukakaa sakafuni, chakula kikaungua mpaka jirani akaja kugonga.

Kesho yake nilimwambia siendi, siwezi kumwacha peke yake. Alifoka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Mama yako amekufa akijua unakwenda! Unataka mimi nimwambie nini?" Halafu akageukia ukutani.

Basi nakuja, Mama Mdogo. Shangazi atahamia kwa baba, ingawa wawili hao hawapikiki chungu kimoja.

Nina ombi. Usinipokee kwa vigelegele. Na kwa kuwa wote wanasema umefanana na mama, hata sauti, nikikukodolea macho pale uwanja wa ndege univumilie. Ukitaka kuniita Sindano, kama alivyoniita yeye, niite polepole.

Baba na shangazi wanakusalimu. Msalimie baba mdogo, wabusu mapacha. Mungu awafunike nyote mpaka tuonane.

Ni mimi nikupendaye, mwana wa dada yako,

Sindano