Mota ya Dirisha la Mama Eliza

Nakivale, 17 Agosti 2014

Mdogo wangu Elia,

Leo nimehesabu: bado miezi miwili itimie miaka kumi na nane tangu nilipofunga mlango wa nyumba yetu kule Fizi na kumwachia jirani ufunguo. Hujambo? Mgongo wako unakusumbua bado msimu wa kulima? Na watoto, wanasoma? Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Shemeji yako, Mama Eliza, yuko kitandani vilevile. Mkono na mguu wa kulia havijaamka tangu kiharusi kile, na ulimi haujafunguka. Tuko wawili nyumbani, lakini ninayesema ni mimi tu.

Barua yako ililetwa na mama mmoja aliyepokelewa Kabazana, pale wanapoandikishwa wakimbizi wapya wa kambi yetu. Unataka nirudi nichukue sehemu yangu ya shamba la baba. Nitakujibu. Kwanza nikueleze kazi iliyonishika mwezi mzima.

Nyumba yetu ina dirisha moja, linatazama barabara. Nikienda kuteka maji au kupanga foleni ya chakula, nalifunga kwa sababu ya vumbi, naye hubaki gizani mpaka nirudi. Siku za chakula narudi jioni. Hawezi kumwita mtu. Nilikuwa namkuta ameelekea ukutani, machozi yamemkaukia shavuni. Nikaamua kwamba lazima aweze kulifungua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto uliobaki.

Nikapanda gari kupitia Kabingo hadi Mbarara, kwa fundi mmoja, askari mstaafu anayetengeneza redio za familia za kambi ya jeshi. Mezani pake palikuwa na gari la kuchezea lililovunjika. Ndani yake mna mota ndogo ya kukatia kona, mafundi huiita servo; hata ndege za kuchezea huwa nayo. Haizunguki ovyo kama feni. Unaiambia ielekee wapi, inafika na kusimama hapo. Nikamwomba.

“Mzee, wewe nataka kurusha ndege?” akacheka. “Ikianguka kwa kambi, mimi sijui wewe!”

“Hapana, afande. Ni ya kufungua dirisha.”

“Dirisha inataka mota? Mkono yako iko wapi?”

“Wangu upo. Wa mke wangu umekufa.”

Akaifungua mota ile kwa bisibisi. “Chukua, sebo,” akasema, yaani bwana. Akaongeza na kidude cheusi chenye miguu minane, kile cha kupimia muda.

Kazi ya kidude hicho ni kutoa mapigo ya umeme, kama hamsini kwa sekunde. Pigo likiwa fupi, mkono wa mota huenda upande mmoja. Likirefuka kidogo, huenda wa pili. Urefu wa pigo unabadilishwa kwa kifundo, nami nilichukua kile cha sauti cha redio yangu ya zamani. Dirisha nikalitengenezea kifuniko cha bati jembamba la kopo la mafuta, ili mota iweze kulinyanyua.

Umeme ndio ulionitesa. Mama Riziki, mtunza vyombo wa kanisa letu, alinikopesha betri ndogo ya taa ya kanisa, akakataza isichanganywe na mambo mengine. Unajua tulivyolelewa: cha kanisa hakichanganywi na cha nyumbani. Kwa hiyo mota nikailisha kwa betri ya kanisa, na saketi ya kile kidude nikailisha kwa betri zangu za tochi. Nikahakikisha hakuna waya wa huku unaogusa wa kule, isipokuwa ule mmoja unaopeleka mapigo.

Mota ikatetemeka kama mwenye homa, ikakimbilia upande mmoja na kunguruma hapo. Nikabadilisha rizista. Nikalehemu upya kila kiungo. Nikapima mapigo, yapo. Siku tatu, Elia. Mama Eliza alikuwa ananitazama. Siku ya nne akageukia ukuta.

Mama Riziki akaja kumjulia hali. Nikamwonyesha, kwa fahari kidogo, jinsi nilivyoheshimu mali ya kanisa: ya Bwana huku, yangu huku, hazigusani.

“Baba Mwalimu,” akasema, “kama hazigusanake fasi yoyote, hiyo moteri itasikia yako namna gani?”

“Ni wewe uliyekataza kuchanganya!”

“Aa! Miye nilikataza batu kuchaji telefone mingi mu betri. Waya, nani alikataza?”

Elia, mimi niliyefundisha fizikia miaka ishirini! Pigo la umeme hupimwa kuanzia upande wa hasi, na mota yangu ilikuwa na hasi yake, saketi na yake. Nikakata kipande cha waya, nikaunganisha hasi mbili. Mtetemo ukakoma. Nikazungusha kifundo taratibu, na bati likapanda taratibu. Kisha nikakifunga kifundo kwenye ukingo wa kitanda, karibu na mkono wake wa kushoto.

Juzi nilirudi kutoka kisimani na jerikeni begani. Nikiwa bado mbali niliona dirisha liko wazi. Likafungwa. Likafunguka tena, likafungwa, likafunguka. Nilisimama barabarani, maji yananimwagikia shati. Ulikuwa mwaka wa pili hakuna mtu aliyeniita kutoka nyumba ile.

Sasa kila nikitoka nageuka nyuma kutazama bati.

Mpe salamu shangazi aliyetulea baada ya mama, na mke wako, na yule mzee wa kwaya aliyenifundisha kulehemu, kama yu hai. Mtu akiniulizia, mwambie macho yamepungua lakini mikono ipo.

Njia ya kuja huko ni magari mengi na mashimo mengi, na mgonjwa wangu hainuki. Kumwacha siwezi. Shamba la baba lilime wewe, sehemu yangu uwape watoto wako. Sitarudi.

Kaka yako,
Yeremia