Sahani za Mama Siku ya Mtakatifu Nikola

Arilje, 20 Desemba

Dada yangu mpendwa Dobrila,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Hamjambo huko Linz? Mgongo wako umepoa? Mimi mzima wa afya, ila mikono inanuka ramu na kakao hata nikiiosha kwa sabuni ya kufulia. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungeanza kulia mapema ukakata, na mimi nataka unisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka maneno ya Baba Mdogo Radisav tulipotoka kumzika Baba. Alisema slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, hurithiwa na mtoto wa kiume, na kwa kuwa Baba ameacha mabinti watupu, mshumaa wa Mtakatifu Nikola utawashwa kwake tu, nami nimpelekee ile picha takatifu ya ukutani. Nilimjibu kwamba picha haina miguu, akiitaka aje aibandue mwenyewe. Hakuja. Lakini mkewe, Mama Mdogo Zagorka, alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba mwaka huu kwetu hakuna slava, eti binti huyu hata oveni hana, atawalisha wageni nini, hewa?

Hilo la oveni lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma. Jiko la Mama limetoboka kwa chini, halioki hata kiazi. Na slava bila sinia la vitamu si slava. Tena wewe wajua, mgeni wa slava haalikwi. Anayeijua siku huja mwenyewe, na ukimwita umejidhalilisha. Sasa ningewaambiaje watu kwamba mlango wetu uko wazi, wakati Zagorka ameshaufunga kwa mdomo? Nilijua nikikaa peke yangu na mshumaa kutwa nzima, kesho yake Baba Mdogo angeichukua ile picha.

Jirani yetu Bibi Milunka ndiye aliyenizindua. Alinikuta nimejiinamia jikoni akaniuliza nani kanidanganya kwamba kila kitamu lazima kipite motoni. Mkate wa slava angeniokea yeye, hivyo vingine nivifinyange kwa mikono niliyopewa na Mungu. Basi tukasaga biskuti, tukasaga kokwa za jozi za mti wetu, tukatia kakao, sukari, jemu ya plamu na ramu bila uchoyo. Nilipoichukua siagi alinichapa mkono, akanifokea kama nimeingiwa na wazimu, siagi katikati ya mfungo wa Noeli, usiogusa maziwa! Tukatumia majarini ya mafuta ya alizeti. Vitufe vyangu vya kwanza vilikuwa vinene, akaniuliza kama nawalisha farasi. Baadaye mkono ukazoea, nikaviviringisha vidogo vya kutafunwa mara mbili, nikavigaragaza kwenye kakao, nikaviweka kibarazani kwenye theluji vikagande. Ee dada, vilikuwa vitamu mno!

Kisha nikatoa sahani za Mama, zile za maua ya buluu, nikazijaza, na mchana wa kuamkia slava nikazipeleka nyumba kwa nyumba, hata kwa Baba Mdogo. Sikumwalika mtu, Mungu shahidi. Niliwaambia tu waonje, na kwamba sahani ni ya marehemu, naomba kesho nirudishiwe. Hakuna desturi inayomkataza mtu kudai sahani yake!

Siku yenyewe padri alikuja asubuhi, tukauzungusha na kuukata mkate pamoja kama desturi, akaondoka. Baada ya hapo, kimya. Samaki akapoa, maharagwe yakapoa. Niliitazama picha ya Baba nikamwomba radhi kwa sauti.

Ndipo lango likalia. Mzee Tihomir, sahani mkononi, na juu yake chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, maana sahani hairudi tupu. Akanitakia heri ya slava, kisha akauliza bila aibu kama vile vitufe vimebaki. Kabla hajakaa wakaja wengine, na wengine. Kufika alasiri viti viliisha, watu wakakaa hata kitandani kwako. Mama Mdogo Zagorka naye akaja, eti anarudisha sahani tu, hakai. Alisimama mlangoni akala kimoja, akala cha pili polepole, akiitafuta siagi kwa ulimi kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Hakuiona. Akavuta stuli akakaa. Nilicheka, dada, sina haya, nilicheka mbele yake!

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Jioni Baba Mdogo alifika, kofia mkononi, akaniita jikoni. Nilidhani ni ile picha, nikajikaza. Akaniambia kwake hakwenda mtu, lakini silo lililomvunja moyo. Mwanawe Predrag amempigia kutoka Toronto, akamwambia hatashika slava, si leo wala baba yake akishafariki, asimuulize tena. Baba Mdogo alikuwa akilihisi hilo tangu kiangazi, na ndiyo maana alitaka kuikusanya slava yote kwake akiwa bado hai, kwa hofu tu. Mwanamume yule alilia, Dobrila, akishika meza yetu. Kisha akaniomba, Radisav huyo huyo akaniomba mimi, akifa nimchukulie na mshumaa wake, niwashe wa Baba na wa kwake. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Alijifuta uso, tukarudi kwa wageni. Akainua glasi, akaomba watu wasimame wamnywee mwenye nyumba. Wote wakasimama. Nami nikageuka nyuma kumtafuta Baba, na nilipogeuka tena nikaona wote wananitazama mimi.

Bibi Milunka anakusalimu na kukuombea mgongo. Wabusu watoto, mwambie shemeji nimemwekea rakia ya Tihomir kidogo, asichelewe. Kaa salama, dada yangu, na ukilia, lia kwa furaha kama mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Stamenka