Bogenvilia na Mkaja wa Mama

Kibondo,
Jumapili

Mama yangu Mwanaamina,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Kasulu? Umepata wa kukusaidia dukani, au bado unapanda stuli mwenyewe kushusha madumu ya mafuta? Mimi mzima, alhamdulillahi. Wanafunzi wangu watundu vilevile.

Wiki iliyopita mjomba Ridhiwani alinipigia. Eti umesema Saady asikupe mkaja siku ya harusi yetu, kwa kuwa kitambaa hicho ni cha tumbo lililozaa, nawe hukunizaa. Apewe Aline, yule binti mkimbizi aliyekuachia mimi mchanga alipougua, kama bado yu hai, nawe utakaa jikoni upakue pilau. Mama jamani! Nilikasirika, kisha nikalia.

Basi sikiliza. Alhamisi niliwaambia wanafunzi walete maua tuyatazame kwa hadubini. Wengi wakaleta bogenvilia, kama ile ya ukutani kwako. Nikaweka chini ya lenzi kipande cha ile rangi ya waridi unayojivunia kwa wateja. Vitabuni nilishasoma, lakini kuona ni kitu kingine! Ina mishipa ya jani na vitundu vya kupumulia vya jani. Tunaloliita ua ni jani tu, limejaa rangi seli kwa seli. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe cha katikati, chembamba kama njiti ya kiberiti. Hilo jani ndilo linalokikinga na kuwaita wadudu kwa niaba yake. Niliinama pale hadi wanafunzi wakaanza kunong'ona, nakuwaza wewe.

Sasa kaa chini, mama. Aline yu hai. Niliulizia kanisani wanakosali wakimbizi nikaelekezwa, na jana nilikwenda Makere. Analima maharage. Alinishika uso, akaniketisha kivulini. Baadaye akanieleza kwamba alipopona alikuja Kasulu kunichukua, akaniona mgongoni mwako, nimenona, nacheka. Akarudi bila kubisha hodi. Nilipomweleza habari ya mkaja alikataa katakata, akasema mkaja huo una mwenyewe, ni wewe.

Atakuja harusini. Ameomba jambo moja tu: Saady akishautoa, yeye Aline ndiye akufunge kiunoni kwa mikono yake.

Kwa hiyo pilau atapakua mjomba.

Nisalimie majirani wote, na stuli uishuke taratibu.

Mwanao,
Asmahani