Neno la Siri la Kanisa Nimelitoa Mimi

Mshauri mpendwa, kabla hata ya salamu acha nitaje nililoficha tangu Februari: mtu anayesakwa na kanisa letu hapa Nyeri kwa kugawa neno la siri la waifai ni mimi, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye miaka themanini na moja na moyo ambao daktari anasema hautafika Krismasi. Naomba msaada wako upesi.

Ilianzia kwenye foleni ya kliniki, ambapo Watiri, mama anayeuza nyanya sokoni Kagio, aliniona nikihangaika na simu akacheka, "Mwalimu, na masomo yote hiyo bado unanunua bando? Weka hii app, itakuonyesha waifai ya bure yenye iko karibu," nikaiweka, na mshauri, nilipoifungua, ramani ya mji wangu ilijaa vitone vya kijani, kimoja maktaba, kimoja stendi, kimoja hotelini, nikasahau hata dawa zangu! Tangu siku hiyo sijatulia, kila ninapopelekwa nasaka mtandao, Kenol nilipoenda mazishini nilipata mitatu, Timau harusini nikapata mmoja nyuma ya ghala la ngano, na yote nikaiingiza, kwa sababu programu ile humwomba mtu aongeze anayoijua ili wengine wafaidike, na watu nisiowajua hunitumia shukrani, nami niliyechora ramani ubaoni miaka thelathini na minne sasa nachora moja ambayo watu wanaitembea kweli!

Basi siku moja, nikiwa nje ya kanisa, programu ikaniuliza kama ningependa kuongeza neno la siri la pale. Nikabonyeza ndiyo. Kufikia Jumapili vijana walikuwa wamejipanga ukutani kama mbayuwayu kwenye waya, na katika ibada ya mtandaoni sura ya mchungaji ikakwama mdomo wazi dakika kumi nzima.

Kamati ikaketi. Kihara, mweka hazina wetu, akasema, "Ni huyo Zubair fundi wa nguo. Ati hao vijana wote wanakaa wapi? Si kwa mlango yake!" Zubair amepanga kibanda cha kanisa tangu enzi za baba yake, na alipoitwa alinigeukia mimi: "Mwalimu, wewe unanijua. Niko na mulika mwizi tu, simu ya tochi. Hiyo waifai ningeiiba na nini?" Nikatazama viatu vyangu. Barua ya kumtoa imeshaandikwa, Jumamosi atahama na cherehani zake, na mimi sitaki kufa hivi, lakini pia naogopa watakaonizika watakuwa wakicheka. Nifanye nini?

Mwalimu N., Nyeri

Mwalimu, nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, kisha nikafika kwa Zubair nikaacha kucheka. Kupenda ramani si dhambi, na katika umri wako furaha kama hiyo ni ya kuonewa wivu. Lakini neno lile ulipewa kwa dhamana, halikuwa lako kugawa, na sasa mwenzako analipia kidole chako.

Unaogopa kuchekwa kaburini? Hutasikia kitu. Zubair ndiye atakayesikia, kila atakapobisha mlango akiomba kibanda. Usingoje Jumapili. Leo hii mwone mchungaji, neno la siri libadilishwe, kisha uitishe kamati, Zubair akiwepo, useme kama ulivyoniambia mimi. Na usianze na moyo wako mgonjwa! Ukianza na ugonjwa watakuhurumia wewe, na huruma hiyo ni haki ya Zubair.

Halafu kuna jambo umelipita haraka. Umenitajia aliyeshtaki na aliyeshtakiwa. Barua, je? Kamati nzima haishiki kalamu moja. Jibu hili nakutumia kwanza kwa simu; nijibu kabla gazeti halijachapwa.

Jibu lake limefika saa nne asubuhi, nami nalichapa kama lilivyo:

"Mshauri, natoka kwa mchungaji. Kamati inaketi saa nane, na Zubair nimemwita mwenyewe. Barua niliiandika mimi, kwa Kiswahili safi, nikiwa nimeegemea ukuta wa kanisa, na nikaitumia kamati kwa waifai ileile."