Kichuguu cha Shaba

Bel-Air, Lubumbashi
Mwisho wa Oktoba

Kwa Yaya wangu, kaka yangu Abdoul,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu ambaye sijamwona bado, na watoto, ambao nasikia mmoja wao mmempa jina langu. Kama ni kweli, mpeni pole, maana jina hilo lina kichwa kigumu. Sisi hapa miili ni mizima. Vichwa ndivyo sijui.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nikimtaja Baba tu unakata. Karatasi hutaweza kuikata, labda uichane, na Imani, mtoto wa mama mdogo, aliyekubali kuibeba kwenye treni mpaka Kindu, ameniahidi kwamba atakaa mbele yako mpaka umalize kusoma. Kwa hiyo mpe maji, halafu ukae. Hakuna aliyekufa. Nalisema mapema kwa sababu ukiona barua ndefu namna hii ungeweza kudhani kuna msiba.

Kile kiwanja cha mjini kati, ambacho uliondoka kikiwa bado na maua, kiligeuka jalala. Mwaka huu mji umekubali wasanii wakifanye bustani ya sanamu, wazi kabisa, bila ukuta wala kiingilio, mtu akitoka kununua unga wake apite akae. Mkubwa wa kazi ni Monsieur Ruphin, mtu wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa, anayeongea haraka na kucheka peke yake. Amenichukua mimi kuchomelea. Ndiyo, mdogo wako anachomelea vyuma. Mama alininunia mwanzoni, sasa anajisifu kwa majirani kwamba mimi ndiye ninayeushikilia mji usianguke.

Ruphin alitaka kila mtaa wa mafundi utoe kazi moja kubwa ya shaba. Alisema ni aibu mji uliojengwa kwa shaba usiwe na shaba yake mwenyewe njiani, yote inapanda malori na kwenda zake. Nilimwonya kabla hatujafika kwa Baba. Nilimweleza kwamba Baba Zakari hufua sinia, taa, majani na nyota, lakini kitu chenye macho hafui. Nilimweleza pia habari yako, Yaya, nisamehe. Kwamba ulifua uso wa Mama kwenye bati la shaba ili umpe zawadi, na wateja wakausifu, na Baba akauweka juu ya chuma na kuupondaponda mbele yao mpaka ukalala sawa kama meza. Kwamba alisema nyumbani kwake hatengenezwi mtu ambaye fundi hawezi kumpa pumzi. Na kwamba kesho yake ulikuwa umekwenda. Ruphin aliacha kucheka mara moja.

Basi tulipofika, Baba alikataa, kama nilivyotegemea. Ruphin akawa anaaga huku anachungulia huku na huku, na nyuma kabisa ya karakana, nyuma ya pazia la magunia, akaona mabati ya shaba yameegemezwa ukutani, upande mmoja mweusi kwa lami, upande wa pili umejaa mashimo na matuta. Akauliza ni nini. Baba alijibu haraka, mtu ambaye ukimwuliza saa anafikiri kwanza. Alisema: “Ile? Ile iko kichuguu.”

Ruphin nusura amkumbatie. Kichuguu, Yaya! Vile vilima vya mchwa tulivyovipanda tukiwa wadogo huko njia ya Kipushi, vyekundu, virefu kuliko nyumba. Alisema hakuna kitu cha Katanga zaidi ya hicho, na hakina macho, na Papa Zakari tayari amekianza. Nilimtazama Baba nikitegemea atamfukuza, lakini alikuwa anatazama miguu yake. Mwisho akasema sawa. Nilidhani uzee umemlainisha, nikafurahi kama mjinga.

Tulikijenga wakati wa baridi. Baba mwenyewe alipanga bati gani likae wapi, na kila bati alinipa limesafishwa pembeni tu, mahali pa kuchomelea. Lami yote ilibaki ndani. Nilimwuliza kwa nini tusiiondoe, akasema inazuia shaba isiwe kijani. Wewe ni fundi, unajua kwamba maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Mimi pia nilijua, lakini ni nani anabishana na Zakari juu ya shaba? Jambo moja tu tulivutana. Nilikata kimlango kidogo nyuma ili mtu aweze kuingia kukaza bulungi na nati zake za chini, naye akataka nikizibe. Nilikataa, nikamwambia bila kimlango kichuguu kitaangukia watoto wa watu. Akarudi kupanga mabati. Mara nyingi niliingia humo na funguo zangu za bulungi, na ukuta wote ulikuwa mweusi, mgumu kama jiwe. Kwa nje kilipendeza kwelikweli. Watu walipitisha vidole kwenye yale mashimo wakasema, tazama, ni udongo wenyewe.

Siku ya kufungua bustani ilikuwa wiki iliyopita. Jua la Oktoba unalijua, lile la kusubiri mvua ambalo hata mbuzi hupumua kwa mdomo. Wakubwa walikaa chini ya hema, fanfare ikapiga tarumbeta zake, Mama alivaa kile kitenge chake cha Idi, na Baba akasimama na mzee Abibu wa msikitini, kofia nyeupe, amenyooka. Hotuba ikiwa katikati nikaona watu wa mbele wanainua miguu. Kitu cheusi kilikuwa kinatoka chini ya kichuguu, polepole, kinatambaa kwenye mawe kuelekea viatu vyao. Mwanamke mmoja alisema ni damu ya mchwa, wengine wakacheka, mimi sikucheka. Nilijua ni lami. Shaba imekaa juani tangu asubuhi, imekuwa sufuria, na lami yote ya ndani imeyeyuka.

Nilimtazama Baba. Yaya, sijawahi kuona uso wa mtu unakauka namna ile. Alifua shaba juu ya lami maisha yake yote, akaiyeyusha kila siku kwa moto, na hakufikiria jua. Karakana yake ina paa. Alinishika mkono akaniambia nisifungue. Lakini Ruphin alikuwa ameshafika kwenye kimlango, akanipigia kelele nije na taa, kwamba kitu kinavuja.

Niliingia kwa magoti. Joto lilikuwa la tanuri na harufu ilinikaba. Nikainua taa ya simu. Mwanzoni nilidhani kuna mtu ndani, nikamwomba radhi, naapa nilimwomba radhi. Kisha nikaona mwingine juu yake, na mwingine pembeni, shaba nyekundu inatokeza katikati ya lami inayoteremka, pua, paji la uso, masikio yale yaliyosimama. Ulikuwa wewe. Kila bati ni wewe. Chini ulikuwa kijana vilevile ulivyoondoka, na kovu lako la nyusi. Juu yake umenenepa kidogo. Juu zaidi una mikunjo pembeni mwa macho, nywele zimerudi nyuma kama za babu. Nilikaa chini kwenye lami ya moto na suruali yangu mpya, na sikusikia hata kuungua.

Wewe unajua kazi hii kuliko mimi. Bati hulazwa juu ya lami na kugongwa upande wa mgongo, na uso wa kazi unabaki chini gizani mpaka ulipashe, ulibandue, ulifute. Mji mzima ulipopapasa yale mashimo, ulikuwa unapapasa nyuma ya uso wako.

Mama aliniona natoka, akaingia bila kuniuliza, na kitenge chake. Hakutoka. Hotuba iliisha, fanfare ikapiga tena, hakutoka. Nilipomfuata alikuwa anafuta shavu moja kwa ukingo wa mtandio, na akaniambia bila kugeuka kwamba ni wewe: “Njo yeye. Njo mutoto wangu, ameshakuwa muntu muzima.” Mzee Abibu naye aliinama akachungulia. Nilijikaza nikisubiri maneno makali, maana yeye na Baba ndio waliohubiri dhidi ya sanamu msikiti mzima ukasikia. Alitoka, akafuta miwani, akamshika Baba mkono akampeleka nyumbani kwa miguu, njia yote, bila kuuachia.

Sasa Ruphin anataka kuondoa lami yote na kuweka taa ndani. Wengine msikitini wanataka kivunjwe. Mama hajali huyu wala yule, kila alasiri anakwenda na kitambaa na chupa ya petroli, anakufuta. Na Baba alijifungia chumbani mpaka juzi, aliponiita.

Aliniambia haya, nami nakuandikia kama alivyosema. Idi ya kwanza baada ya kuondoka kwako, chakula kilimshinda. Akaenda karakana, akachukua bati, akagonga. Unakumbuka labda Mama alikuambia, kabla hujakata simu, kwamba kila Idi, wageni wakila, Baba anatoroka kwenda kazini? Tulisema ni tamaa ya kazi. Alikuwa anakufua wewe. Kila Idi alijiuliza sasa mtoto huyu amefikia umri gani, na akaongeza kidogo. Hakubandua bati hata moja, wala kufuta. Alijiambia kwamba uso ambao hakuna aliyeuona si uso, na yeye mwenyewe hajauona, kwa hiyo hajavunja neno lake. Ruphin alipouliza, uongo ulimtoka wenyewe, na baadaye hakujua namna ya kuurudisha.

Nilimwuliza kama ameingia kuona. Akasema hapana, anaogopa. Nikamwuliza anaogopa dhambi? Akasema dhambi anaijua, ameshaiomba msamaha na ataendelea kuiomba. Anaogopa kwamba alikosea, kwamba alikaa miaka yote anafua mtu mwingine. Na lile bati la juu kabisa, ambalo mimi nilidhani ni kilele tu cha kichuguu kwa sababu ni laini, ni la Idi ya mwaka huu. Alitaka kuanzia kwenye kidevu akakwama, hakujua sasa kikoje. Alilala bila kugonga.

Yaya, mimi nilikuwa na hasira na Baba zaidi yako, kwa sababu wewe uliondoka na mimi nilibaki naye. Leo sijui niiweke wapi. Sikuambii urudi. Nakuambia nilichoona.

Mama anakusalimu, mikono yake inanuka petroli na hajali. Mzee Abibu anakusalimu, na anamwombea kila mtu nyumbani kwako. Msalimie wifi, mbusu Nafisa mdogo, na usimwache Imani arudi na njaa.

Baba anakusalimu. Anauliza kama siku hizi una ndevu.

Mdogo wako,
Nafisa Zakari